Miiba ya Wendell

Leland alipofika na pikapu yake, Ardis alikuwa amepiga magoti uani, misumari mdomoni, akipigilia mbao za nyumba yake ya barafuni, kibanda cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, na hakuinua kichwa. Alimjua kwa mlio wa gari. Ekzosi ya ile pikapu ilitoboka zamani, na Wendell, marehemu mumewe Ardis, alikuwa akimtania kaka yake kwamba siku akiamua kuwa mwizi itabidi aende kwa miguu.

"Shemeji," Leland akaita.

Ardis akatema misumari kiganjani. Mwaka mzima alikuwa hajaitikia neno hilo kutoka kinywani mwa mtu huyu, na hakuona kwa nini aanze leo.

Leland alikuwa amepakia nyuma ya gari nyumba yake mwenyewe ya kuvulia, nzima nzima, na mkuki juu yake. Akasema, kwa ile sauti ya chini ambayo siku hizi ilimuudhi Ardis, kwamba Jumamosi imekaribia, kwamba kujenga kunachukua muda, kwamba anayo nyingine kule nyuma ya rasi, basi aitumie hii. Na ile ya Wendell pale nyuma, iliyofunikwa turubai, asihangaike nayo. Imeoza. Atakuja siku moja aichukue akaichome moto.

Hapo ndipo Ardis alipoinuka.

"Nisikilize, Leland. Samaki wa karamu ya mwaka ya mume wangu nitamchoma mimi, kwa mkono wangu, ndani ya nyumba niliyoijenga mimi. Hilo dubwana lako liondoe uani kwangu. Na Jumamosi usije. Nikikuona mlangoni nitakumwagia mchuzi wa moto mbele ya watu, na wanione sina adabu."

"Ni mdogo wangu, Ardis."

"Ungelikumbuka hilo siku uliyohamisha nyumba yako ukaacha tundu wazi."

Leland akaziangalia glavu zake. Akasema, "Haya." Kabla ya kuingia garini alilitupia jicho lile turubai, na Ardis akaliona jicho hilo, hasira zikampanda upya. Hata mbao kuukuu za marehemu anazitolea macho. Mtu gani huyu!

Jambo lenyewe lilijulikana na kila mtu kando ya ziwa lile. Mtu akihamisha nyumba yake barafuni, tundu alilokuwa akivulia halifungiki siku hiyo hiyo. Linashika utando mwembamba, theluji inalifunika, na kuanzia hapo huwezi kulitofautisha na barafu ngumu. Kwa hiyo unakata matawi ya msonobari, unayasimika kulizunguka, unayamwagia maji yagande yasing'oke, na juu unafunga kitambaa chako ili watu wajue tundu ni la nani. Mlevi hasahau jambo hilo. Mwenye homa atamtuma mtu. Leland alitumia vipande vya jaketi lake kuukuu la kuwindia, la rangi ya chungwa, na ghuba nzima haikuwa na mwingine mwenye rangi ile.

Sasa basi, majira ya baridi yaliyopita Leland alihamisha nyumba yake kwenda nyuma ya rasi. Siku chache baadaye Wendell alikuwa akirudi nyumbani kutoka kuvua, upepo ukaamka, ukairusha theluji hata mtu asione mkono wake mwenyewe, na Wendell akatumbukia kwenye tundu lile. Leland ndiye aliyemtoa, asubuhi yake. Na pale tunduni hapakuwa na tawi hata moja. Watu waliangalia. Wengine, kwa kutaka amani, wakasema labda ni upepo. Upepo gani unang'oa tawi lililogandishwa ndani ya barafu?

Kwenye matanga, shangazi yao Bernadine alimuuliza Leland mbele ya watu wote imekuwaje. Leland akajibu, "Tundu lilikuwa langu." Basi. Hakujitetea, hakuomba radhi, hakusema alisahau matawi wala aliyapuuza. Ardis alingoja aendelee. Alikuwa bado anangoja.

Na kwa kuwa Leland hakusema, Ardis alimsemea. Alimwanika dukani, kwenye mkutano wa kijiji, kwenye foleni ya petroli. Alimpa za uso mbele ya wageni waliokuja tu kununua chambo. Polepole watu wakaanza kumkwepa Leland. Msimu wa kuvuna mchele wa ziwani ulipofika, kazi ambayo mmoja anasukuma mtumbwi kwa upondo na mwingine anapukutisha mchele, hakuna aliyekubali kupanda mtumbwi mmoja naye. Alionekana peke yake katikati ya mabua, anasukuma kidogo, anaweka upondo, anakaa, anapukutisha, anasimama tena. Ardis alimwona kutoka ufukweni na moyo wake ukasema vizuri.

Na kwao shemeji ni mtu wa utani. Tangu siku ya harusi Ardis na Leland walikuwa hawakutani ila wazodoane, mpaka Wendell alikuwa akiomba wamruhusu ale kwanza. Sasa hata salamu hakuna. Shangazi Bernadine, ambaye magoti yalimkataa lakini ulimi la, alikuwa amemwambia Ardis wazi kwamba karamu ya mwaka inayomfungia mlango ndugu wa marehemu si karamu, ni chuki yenye chakula. Ardis akamjibu potelea mbali, chakula kitakuwa kizuri.

Alichohitaji ni samaki. Wendell alikuwa mtu wa ginoozhe, yule samaki mrefu wa mdomo bapa uliojaa meno, na si ginoozhe wa dukani wala wa ndoana. Alimtaka wa ghuba ile, wa mkuki. Jumamosi sahani ya kwanza ingewekwa kwa ajili yake, na Ardis alikuwa ameapa haitakuwa na kitu kilichopitia mikononi mwa Leland.

Hakuwahi kujenga nyumba ya giza, ndivyo walivyokiita kibanda cha kuvulia kwa mkuki, lakini alikuwa amekaa ndani ya moja kando ya Wendell majira yote ya baridi ya ndoa yao, na aliijua kwa mwili. Kwa hiyo aliipima kwa mwili. Upana ni mtu aliyekaa na viwiko vyake. Urefu wa paa ni mkuki uliosimamishwa wima, na kiganja kimoja cha ziada, usije ukagonga dari na kumtorosha samaki. Nusu ya sakafu ni ubao, nusu ni wazi juu ya tundu. Jiko dogo la bati pembeni, bomba lake likipita ukutani. Dirisha hakuna. Mlango mfupi, wa kuingia umeinama. Ndani kote alipaka rangi nyeusi, kuta, dari, hata vichwa vya misumari, na chini akaipigilia mbao mbili zilizochongwa ncha ili iteleze.

Watu waliopita walisimama kutoa ushauri, maana mwanamke mwenye nyundo ni tamasha. Mmoja akamwambia ameifanya nyembamba. Ardis akamwambia hakumjengea yeye na tumbo lake. Mwingine akauliza kwa nini asiazime tu ya Leland, ndiyo bora kuliko zote ghubani. Huyo hakujibiwa. Aliangaliwa tu, akakumbuka kuwa ana safari.

Alhamisi asubuhi aliifunga nyuma ya pikipiki yake ya theluji akaivuta hadi ghubani, pale magugu ya chini yanapokoma na maji yanaanza kuwa na kina. Kwanza alitoboa kwa mtaimbo kijitundu cha ngumi, akatia tumbaku kidogo majini, kama desturi yao ilivyo, na kumwomba anayeombwa. Kisha akalikata tundu kubwa kwa msumeno, akilaza mkono ili chini liwe pana kuliko juu, samaki asikwame ukingoni wakati wa kumtoa. Mapande ya barafu aliyaburuta nje huku akimtukana Leland kwa kila pande. Akaisogeza nyumba juu ya tundu, akaweka vipande vya gogo chini ya kila pembe isije ikagandia pale mpaka masika, akarundika theluji pande zote, akawasha jiko, akafunga mlango, akakaa.

Akaona uso wake.

Nyumba ya giza ina jambo moja tu. Ndani kukiwa na giza kweli, mwanga wa nje unapita kwenye barafu ya ghuba nzima na kuyawasha maji yaliyo chini yako, unaona mpaka maganda ya mayai uliyoyatupa chini ili samaki akipita juu yake umtambue. Lakini ukiwa na ufa, hata wa unene wa kisu, maji yanageuka kioo. Ardis alijiona amekunja uso, macho mekundu, kofia upande, mwanamke ambaye yeye mwenyewe angemkwepa dukani.

Mwanga ulikuwa unaingia kwa chini. Vile vipande vya gogo vilikuwa vimeiinua nyumba, na theluji ilikuwa kavu kama unga wa ngano. Aliirundika, upepo ukaichukua. Akaipigapiga kwa sepeto, ikaporomoka. Akaimwagia maji, ikashika upande mmoja na kutoboka upande wa pili. Alasiri ilimkuta amelala kifudifudi kwenye barafu, anachungulia chini ya nyumba yake mwenyewe, anatukana mpaka sauti inakauka. Wendell alizibaje? Miaka yote ile yeye aliingia ndani kuwasha jiko wakati Wendell yuko nje akigongagonga, na hakuwahi kuuliza anagonga nini.

Kisha akakumbuka zulia. Walipobadilisha zulia la sebuleni, Wendell alilichukua lile kuukuu akalipigilia chini ya nyumba yake likining'inia kama sketi. Na akakumbuka pia jioni moja, ya mwisho mwisho, Wendell ameingia jikoni anajipongeza. Ardis alikuwa anamtolea miiba kwenye samaki, kama kawaida. Ginoozhe ana miiba myembamba yenye panda, imejificha katikati ya nyama, na Wendell tangu aoe hakuwahi kujitolea hata mmoja. Alikaa akisubiri sahani kama bwana mkubwa. Jioni ile alisema, "Nyumba yangu sasa haina hata tone la mwanga. Kesho nitaenda kukata matawi." Ardis akacheka, maana kesho ya Wendell aliijua. Paa lingezibwa kesho, gari lingetengenezwa kesho.

Alirudi nyumbani, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akakata kamba za lile turubai. Leland ndiye aliyelifunga, siku ile wanaume walipoivuta nyumba ya marehemu kutoka barafuni, na alilifunga kwa mafundo kama anayefunga mzigo wa kwenda ng'ambo. Nyumba yenyewe haikuwa imeoza hata kidogo. Mwongo mkubwa, Ardis aliwaza. Akailaza ubavu kwa mtaimbo, akatia koleo kwenye zulia, akang'oa.

Nyuma ya zulia kulikuwa na matawi ya msonobari.

Yalikuwa yamekauka, majani yakamwagika thelujini. Yalikuwa yameshindiliwa kwenye nafasi kati ya ubao na zulia, moja juu ya jingine, na kubanwa kwa misumari iliyopindwa. Ilikuwa misumari ya Wendell, ile aliyokuwa akiing'oa kwenye mbao za zamani na kuinyoosha juu ya jiwe kwa sababu mpya aliona ni israfu. Ardis akavuta tawi moja. Mwisho wake ulikuwa umekatwa kwa shoka, umelingana, kama kitu kilichokatwa usawa wa barafu. Akavuta la pili. Kwenye ncha ya tawi la pili kulikuwa na kitambaa cha rangi ya chungwa.

Akayatoa yote. Kila moja lilikuwa na kitambaa.

Alikaa pale chini kwenye theluji. Hakulia. Aliyapanga matawi mbele yake na mambo yakajipanga yenyewe, apende asipende. Wendell ana nyumba inayovuja mwanga. Goti linamuuma, msitu uko ng'ambo ya ghuba, na karibu naye kuna matawi mazuri ya kaka yake, yamesimama tu. Tundu lenyewe analijua liko wapi, atapotelea wapi yeye mzaliwa wa pale? Akachukua shoka. Kesho atakata mengine ayarudishe. Kesho.

"Mjinga wee," Ardis aliiambia nyumba iliyolala ubavu. "Mvivu wee. Umeniachia nini, Wendell? Umeniachia hivi?"

Aliipiga teke mpaka ubao ukapasuka, na kidole chake kikavimba usiku kucha.

Ijumaa alilichukua zulia akalipigilia chini ya nyumba yake. Matawi aliyafunga kamba akayaweka nje, kando ya mlango, hakuyatumia. Alipofunga mlango safari hii giza lilikuwa giza. Kwa muda hakuona kitu, kisha maji yakawaka chini ya miguu yake, ya kijani, mpaka chini kabisa, maganda ya mayai yakionekana moja moja.

Alimteremsha samaki wa mti wa kumvutia ginoozhe, yule aliyechongwa na Wendell mwenyewe, mwenye mapezi ya bati, akawa anamchezesha kwa kamba ili azunguke polepole. Na kwa kuwa giza lilikuwa lile lile na harufu ya moshi ile ile, akaanza kumsema Wendell, kwa kunong'ona, maana samaki hapendi kelele. Alimwambia kwamba amemfanya yeye Ardis kuwa mtu mbaya. Alimwambia mwaka mzima amemvua nguo Leland mbele za watu kwa kosa lisilo lake, akidhani anamtetea mume. Alimwambia kama angekuwa hai angemuua. Alisema mengine ambayo mke humwambia mume na hayaandikwi.

Ginoozhe aliingia wakati bado anasema. Hakuja kwa haraka. Alitokea ukingoni kama gogo linaloelea, akasimama chini ya samaki wa mti, mapezi yakitikisika kidogo tu. Alikuwa mkubwa. Ardis akanyamaza. Akauteremsha mkuki majini taratibu, meno yote saba, mpaka ukawa juu ya shingo yake, na hakuusukuma kwa nguvu. Aliuachia tu uende na uzito wake, kama alivyofundishwa. Nyumba nzima ikatikisika. Kamba ikamkata kiganjani, maji yakamrukia usoni, naye akavuta, akavuta, akambwaga barafuni nje ya mlango na kumkalia mpaka alipotulia.

Hakwenda nyumbani. Alibeba samaki begani na matawi kwapani, akazunguka rasi kwa miguu, kidole kinamuuma, mpaka kwenye nyumba ya kuvulia ya Leland, akaupiga mlango kwa teke.

Leland alitoka ameinama, akifinya macho kwa mwanga. Akamwona samaki. Kisha akayaona matawi, na uso wake ukabadilika, na Ardis akapata jibu kabla hajauliza. Akauliza hata hivyo.

"Ulijua."

"Niliyaona siku tunaivuta nyumba. Zulia lilikuwa limefunuka kidogo."

"Ukafunga turubai."

"Nikafunga turubai."

"Kwa nini hukuniambia?"

Ardis akadhani atanyamaza tena kama alivyonyamaza kwenye matanga, na akawa tayari kumpiga na samaki. Lakini Leland akasema, "Ulikuwa hujalala, hujala. Ningekuja nikuambie nini, kwamba kafa kwa uvivu? Baadaye ukawa umeshamwambia kila mtu. Ningeonekana namsingizia maiti. Na tundu lilikuwa langu, Ardis. Ningepita kuliangalia baada ya siku moja, ningeona hayapo. Sikupita. Nilisema nitapita kesho."

"Kwa hiyo ukakaa mwaka mzima unaniangalia namtukana mtu asiye na kosa."

"Nilikuwa nakusikia. Si kukuangalia tu."

Hasira za Ardis ndizo hizo hizo, ila sasa hazikujua ziende wapi. Zilimwendea Wendell, zikarudi kwake mwenyewe, zikamwendea Leland kwa njia mpya. Alimwambia alimnyang'anya ukweli wake kama mtoto anyang'anywavyo kisu. Alimwambia yeye ni mtu mzima, ana haki ya kujua mumewe amekufaje, hata kama amekufa kipumbavu. Leland akaitikia kwa kichwa kila neno, na kuitikia kwake kukazidi kumuudhi.

"Wewe na mdogo wako mlinyonya ujinga titi moja," akamaliza. "Jumamosi uje. Ukichelewa hukuti kitu."

Akageuka, akaondoka na samaki wake na matawi yake.

Jumamosi nyumba ilijaa. Kulikuwa na mchele wa ziwani, mkate wa kukaanga, nyama ya paa, na ginoozhe ameokwa mzima kwenye sinia. Leland alipotokea mlangoni na kofia mkononi, mazungumzo yalikatika. Watu waliutazama mchuzi jikoni, wakamtazama Ardis, kwa sababu habari ya mchuzi ilikuwa imeshazunguka ziwa zima.

Ardis hakulala usiku akifikiria atakavyosema. Kusema ni kumvua nguo Wendell siku ya karamu yake, mbele ya sahani yake. Kunyamaza ni kumwacha Leland na mtumbwi wake wa mtu mmoja. Alichukua yale matawi chini ya meza akayaweka juu yake, kati ya mikate.

"Haya yalikuwa nyuma ya zulia, ndani ya nyumba ya Wendell," alisema. "Leland aliyasimika, kama inavyotakiwa. Wendell akayakata kuziba nyumba yake. Wendell mwenyewe. Yote niliyoyasema mwaka huu, mimi nilisema uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini nilisema."

Wanaume waliokataa kupanda mtumbwi wa Leland wakawa wanaangalia sakafu. Shangazi Bernadine akanyoosha mkono, akagusa kitambaa kimoja cha chungwa, akasema taratibu kwamba hiyo ndiyo tabia ya Wendell hasa, hata alipokuwa mdogo alikuwa akivaa viatu vya kaka yake kwa sababu vyake viko mbali.

Leland bado alikuwa mlangoni.

"Shemeji, kaa," Ardis akasema. "Umesimama hapo kama msoma mita."

Leland akaigeuzageuza kofia mkononi. "Nimeiona nyumba yako kule ghubani," alisema. "Imeegemea upande. Hivi uliipima kwa nini, kwa macho?"

"Niliipima kwa mwili wangu. Ningeipima kwa wako ingehitaji barafu nene ya Januari, kwenye ile ya Desemba ingezama."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, na viti vikasogezwa. Leland akakaa pale pake pa siku zote.

Lakini sahani ya Wendell ilikuwa haijatoka. Ardis aliipakua vizuri, mchele, mkate, nyama, na kipande kinono cha mgongo wa samaki, na hakukitoa hata mwiba mmoja. Shangazi Bernadine aliona. Ardis aliibeba sahani nje, akapita kwenye theluji mpaka kwenye mti mmoja nyuma ya nyumba, mahali pa kuwawekea marehemu chakula, akaiweka chini.

"Leo jitolee mwenyewe," akasema, akarudi ndani na kufunga mlango.

Alimwagia watu kahawa. Alimpa Leland kichwa cha samaki, akamwambia ale akili, labda itamsaidia. Alicheka walipocheka. Kupitia dirisha la jikoni aliona mvuke wa ile sahani ukipungua, na alipoangalia tena ulikuwa umeisha, chakula kinapoa, na sahani iko pale pale na miiba yake.

Ardis akaiweka birika chini. Akatoka bila koti, akachuchumaa theluji ikimfika magotini, akaivuta ile sahani mapajani. Akaanza kutoa miiba, mmoja mmoja, kwa vidole vilivyokufa ganzi, huku akimtukana.